Jamani, Imebaki Baridi!

Mwenzangu, acha unachokifanya, kaa nikwambie, maana nimetoka viwanja vya Sabasaba sasa hivi, vidole vinanuka mafuta na sitaki hata kunawa! Nimeshika transfoma. Transfoma, wee! Lile dubwana la kijivu lililokaa juu ya nguzo mtaani kwenu, unalipita asubuhi na jioni bila kulitupia jicho, unalikumbuka siku likilipuka tu, pwaa!, mtaa mzima giza na samaki wanaanza kuyeyuka kwenye friji. Hilo hilo. Ila hili nililolikuta limekatwa ubavu, tumbo wazi, halina umeme hata chembe, viungo vyake vyote vimepangwa mezani uvishike, uvibonyeze, uvinuse. Nimenusa! Nimebonyeza! Na bado!

"Kaka, weka mkono hapa," akaniambia dada mmoja fundi, ovaroli ya bluu, miwani ya plastiki ameipandisha kichwani, anaongea haraka kunishinda hata mimi. Mbele yake palikuwa na viini viwili vya chuma, vidogo vya kuonyeshea, kila kimoja kimevishwa koili yake. Vyote viwili vimewashwa tangu asubuhi, kwa umeme mdogo usiomdhuru mtu, na vyote viwili havilishi chochote, hata balbu moja. Nikaweka mkono kwenye cha kushoto. Vuguvugu. Haliunguzi, ila ni joto la kweli, limekolea, linakaa kiganjani. Nikahamia cha kulia. Baridi! Baridi ya meza kabisa! Nikarudi kushoto: vuguvugu. Kulia: baridi. Watu wa foleni nyuma yangu wameanza kuguna, mimi sibanduki, narudia na kurudia, yule dada anacheka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha. Lile vuguvugu ni umeme unaoliwa bure. Transfoma ikishaunganishwa na laini haina kulala. Hata nyinyi mkizima kila kitu mkaenda kitandani, kiini chake kinaendelea kugeuzwa sumaku, huku na huku, mara 100 kila sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, saa 8,760 kwa mwaka, sikukuu na siku ya kazi. Kila kikigeuka, chuma kinagoma kidogo. Kile kigugumizi ndicho joto. Kidogo kidogo, lakini usiku na mchana, miaka na miaka, na kuna transfoma kila kona! Fikiria zile za vijijini, zilizopelekwa na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini: jioni zinawasha taa chache, redio, simu za kuchaji, mashine ya kusaga imeshafungwa. Mzigo wenyewe ni mdogo mno, lakini kiini kinakula kile kile kila saa. Na huyo wa kulia, yule wa baridi, anakula takriban theluthi moja tu ya mwenzake. Theluthi! Kwa kubadilishiwa chuma tu!

Na chuma chenyewe, jamani, chuma chenyewe! Nilipewa kipande nikishike. Ni utepe, mwembamba mwembamba mwembamba, pengine robo ya unene wa karatasi ya daftari, unang'aa mpaka nilijiona pua. Ukiutikisa unalia, chirichiri, mlio mkali, msafi, wa glasi kuliko wa chuma. Nikamuuliza yule dada, hii imetoka wapi? Akanyoosha vidole vyote kumi kueleza. Chuma kilichoyeyuka, kimechanganywa na boroni na silikoni, kinamwagwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi ya kutisha, kinapoa kwa kasi ya takriban nyuzi milioni moja kwa sekunde. Milioni! Atomu hazipati hata nafasi ya kujipanga mistari zilivyozoea, zinagandia pale pale zilipokuwa, shaghalabaghala, na kumbe huo mvurugano ndio utamu wenyewe, kwa sababu sumaku ikija kugeuka haikuti kuta za kuipinga. Inateleza tu!

Ujanja wa kupoza metali kwa kasi hiyo ulianzia mbali na umeme wa mitaani. Ni mwaka 1960, Pol Duwez na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya California, walipogandisha mchanganyiko wa dhahabu na silikoni kabla haujajipanga. Dhahabu! Kutoka dhahabu ya maabara mpaka kwenye nguzo ya mtaa, nani angedhani? Mimi miaka yote nilijua transfoma ni kitu kilichokwisha, yaani Faraday na duara lake la chuma pale London mwaka 1831, halafu wale Wahungari watatu wa Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, mwaka 1885 wakafunga kiini pande zote ili sumaku isivuje, basi, kazi imekwisha, sisi tunanakili. Kumbe wapi! Mwaka 1934 Mmarekani Norman Goss akapata hataza ya kukipitisha chuma cha silikoni kwenye rola na joto mpaka punje zake zote zitazame upande mmoja. Hicho ndicho kiini changu cha kushoto, hicho cha vuguvugu, na katika enzi yake kilikuwa maajabu. Yaani Goss alizipanga punje, hawa wa leo wamezifuta kabisa, na wote wawili wamefaulu. Inachekesha na inatisha.

Haya, twende kwenye mikono. Utepe ule ukishaokwa kwenye tanuri unakuwa dhaifu, unavunjika ukiutazama vibaya. Sasa utauvishaje koili? Ndiyo nikaona kitu ambacho ningekitazama mpaka jioni. Kiini kinakuja kimefunguliwa mdomo upande mmoja, miguu miwili inapitishwa ndani ya koili taratibu sana, wanaume wawili wanashika, hakuna anayepumua, halafu yule dada anakaa kitako na kuanza kukifunga kwa mkono. Anachukua kifungu kimoja cha utepe, anakilaza, anakikutanisha na mwenzake wa upande wa pili, anasawazisha kwa kidole gumba, anachukua kingine, anasogeza kiungo chake pembeni kidogo kisiangukie pale pale. Kama bibi anavyosuka ukili barazani! Haangalii hata mikono yake, anaongea na wewe huku tabaka zinajilaza. Kwenye mashine ya maelfu ya volti! Kwa mkono! Vipande vidogo vinadondoka mapajani, vinameremeta, yeye anavikung'uta na kuendelea.

Kilichonishtua ni sauti. Niliinamisha sikio nikitarajia hiki cha baridi kiwe kimya kabisa. Wapi! Kinavuma kumshinda mwenzake, mmm ile ile ya kuziba masikio. Chuma kikigeuzwa sumaku kinarefuka na kufupika kidogo sana, ndiyo ule mvumo tunaousikia chini ya nguzo, na utepe huu unarefuka zaidi. Kwa hiyo mtengenezaji asiye makini atakuletea mashine isiyokula umeme lakini inayokunyima usingizi. Mimi nasema kabisa: ukitaka kuiweka jirani na dirisha la mtu, funga kiini vizuri na uweke raba chini yake, maana majirani hawatajali umeokoa umeme kiasi gani.

Turudi kwenye raha! Karatasi! Nani alikwambia karatasi inaweza kumpa mtu raha hivi? Kati ya tabaka na tabaka za koili wanaweka karatasi ya kahawia, ngumu, na juu yake kumechapwa madoa madoa ya gundi yenye umbo la almasi, makavu, unayasikia chini ya kidole, mkwaru mkwaru. Koili ikiingia kwenye oveni, unyevu unatoka, gundi inayeyuka, inashika, inakauka, na kilichokuwa waya na karatasi kinatoka bonge moja. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Ko! Zito, gumu, halitikisiki hata kidogo. Na ndivyo linavyotakiwa liwe, kwa sababu siku upepo ukigonganisha nyaya au tawi la mwembe likiangukia laini, mkondo unaopita ghafla unazisukuma koili kwa nguvu za ajabu, na koili iliyolegea inapindika, karatasi inachanika, kwaheri. Upande wa umeme mdogo siku hizi hata waya hakuna: ni bati moja pana la alumini au shaba, limeviringishwa na karatasi katikati, laini, linateleza mkononi, na mkondo unajitandaza wenyewe unavyopenda, kwa hiyo ule msukumo wa juu na chini unapungua sana. Rahisi mno! Nilitaka kupiga kelele.

Halafu mafuta. Akanifungulia chupa. Nikasita, maana harufu ya mafuta ya transfoma naijua, ile kali ya petroli inayokukaa kooni. Nikanusa. Jikoni! Harufu ya jikoni, mwenzangu! Ni mafuta ya mimea, ya soya na jamii yake, rangi ya dhahabu hafifu, mazito kidogo, yanateleza vizuri kati ya vidole. Na kwa moto yanastahimili kuliko yale ya madini. Yale ya zamani yakifika nyuzi 170 hivi yanashika moto na kuendelea kuwaka. Haya unavuka nyuzi 300 bado yanakutazama tu. Yakimwagika, bakteria wa udongoni wanayala. Linganisha na zile transfoma za kale zenye PCB, sumu isiyooza, ambayo nchi zilizoingia Mkataba wa Stockholm wa 2001 zilipewa mpaka 2025 kuiondoa kwenye matumizi.

Na bado! Mafuta haya yanapenda maji, na huo ndio uzuri wake. Yananyonya unyevu kutoka kwenye ile karatasi, na uhai wa transfoma ni uhai wa karatasi. Ikioza hakuna dawa, unasuka koili upya. Sisi wa pwani, wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, ambao hata chumvi mezani haimiminiki kwa unyevu, tulihitaji hili jana!

Kitu kimoja tu hayapatani nacho: hewa. Yakiachwa wazi yanaganda na kunata, unalijua hilo kwa chupa ya mafuta jikoni kwako. Ndiyo maana tangi limefungwa moja kwa moja, halina ile chupa ya punje za bluu zinazogeuka waridi zikilowa, halina tundu la kuvutia hewa, halina chochote. Linapumuaje mafuta yakipata moto na kuvimba? Kwa mapezi! Ule ukuta wa mikunjo mikunjo ya bati, niliodhani ni wa kupozea tu, unavimba na kusinyaa wenyewe. Nilibonyeza mkunjo mmoja kwa gumba, ukaniitikia kidogo, ukarudi. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza wa pili. Nikaombwa niache.

Najua utauliza wezi. Mimi pia niliuliza! Tumesikia sote habari za mafuta kunyonywa usiku kwenye transfoma, Kenya na hapa kwetu, yakauzwa kwa wachomea vyuma na hata, Mungu apishe mbali, kwenye makarai ya chipsi. Sasa si tumewarahisishia, tumewawekea ya soya kabisa? Yule dada akaguna. Yale yaliyomo yana viongezi na yameshakaa na shaba na karatasi miaka, si chakula hata kidogo. Dawa yao ni tangi lililochomelewa lisilo na bomba la kufunguka chini, na koili za alumini ambazo bei yake ya chuma chakavu haimpi mtu hamu ya kupanda nguzo. Nikamwambia, dada, mwizi atajuaje ni alumini kabla hajafungua? Hapo akanyamaza, akaangalia pembeni.

Bei ya transfoma hii iko juu kuliko ya kawaida, na mwili wake ni mnene zaidi, kwa kuwa utepe ule haubebi sumaku nyingi kwa mara moja na kiini lazima kinenepeshwe. Lakini hebu acha kuangalia bei ya siku ya kununua! Mashine inakaa juu ya nguzo miaka 20, 30, inakula kila saa, na hicho inachokula mwisho wake kinaingia kwenye bei ya uniti unazonunua wewe kwenye LUKU. Ningekuwa naandika zabuni, ningelazimisha kila muuzaji aandike inakula kiasi gani ikiwa haina mzigo, herufi kubwa, ukurasa wa kwanza.

Kesho twende wote, sitaki kisingizio. Usianze na vipeperushi, nenda moja kwa moja kwenye ile meza, weka kiganja kushoto, kisha kulia, ndipo uniambie kama nimetia chumvi. Pembeni wana transfoma nyingine isiyo na tone la mafuta, koili zimemwagiwa utomvu mgumu mwekundu, za hospitali na maghorofa, sikuwahi hata kuigusa walikuwa wanafunga banda, na bado! Ila vaa viatu vya kufunga. Vile vipande vya utepe vimetapakaa chini, na vinachoma kwelikweli.