Mtazame Fundi Kabla Hajashika Waya

Maji kupita si ushahidi wa kazi nzuri. Mtu yeyote mwenye waya anaweza kuutoboa uchafu katikati, maji yakashuka, akalipwa chake, na baada ya wiki mbili choo kikafurika tena. Kwenye nyumba kongwe za Shinyanga mjini, au zile za kampuni pale Mwadui, ambako mwanajiolojia Williamson alianza kuchimba almasi mwaka 1940, fundi wa kuzibua hupimwa kabla hajafungua mfuko wake.

Wa kumwamini ni yule anayeuliza. Sinki limeziba peke yake, au na choo? Ni mwaka mzima, au mvua zikianza? Hilo la mvua ni swali la mtu anayeijua Shinyanga. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika. Bomba lililolazwa humo huinuliwa hapa, likadidimia pale. Maungio ya mabomba ya zamani ya saruji au ya udongo wa kuchoma huachia, na mzizi wa mwarobaini hautaki upenyo mkubwa zaidi ya huo. Ukizibua bila kulitengeneza ungio, umeahirisha tu.

Kisha mwangalie kwenye chemba. Asiyejua hufungua moja na kuanza kusukuma. Anayejua hufunua zote: kizuizi kiko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu, na kazi inaanzia hapo. Waya ukitoka, ataitazama ncha yake. Nyuzi za kahawia ni mizizi. Utando mweupe unaoteleza ni mafuta ya jikoni. Tope jeusi lenye kunata ni habari mbaya zaidi: bomba limevunjika na udongo unaingia, kwa hiyo jembe linahitajika kuliko waya. Asiyekuonyesha alichokitoa, usimlipe kwanza.

Anayekimbilia asidi mwache aende zake. Asidi hula bomba la chuma na plasta ya chemba, na huua vijidudu vinavyoozesha uchafu kwenye karo.

Kazi ya kuunga ndiyo inayowatenganisha mafundi. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Shinyanga mwaka 2009, kutoka chanzo cha Ihelele, choo cha ndani kikawa jambo rahisi zaidi, na bado utakuta bomba jipya la plastiki limechomekwa kwenye lile la zamani na kuzungushiwa saruji. Saruji haipindi; mbuga ikivimba, inapasuka. Fundi mzuri hutumia ungio la mpira lenye kubana. Hutoa pia pima maji: bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Mteremko mkali nao ni kasoro, maana maji hutangulia na kinyesi kikabaki. Mwisho humwaga ndoo nzima kwa mkupuo, si kikombe, huku amesimama kwenye chemba ya chini akisubiri.

Geita hadithi ni nyingine kidogo. Tangu mgodi mkubwa uanze uzalishaji mwaka 2000 mji umejaa watu, na karo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja laweza kuwa linahudumia safu nzima ya wapangaji. Hapo fundi mwaminifu atakuambia hakuna kilichoziba, karo limejaa, ita gari la kunyonya. Atachukua hela ya kukagua tu (wa namna hiyo tunza namba yake). Akikubali kushuka karoni, mzuie. Waliofanya kazi maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, wanajua hewa ya shimo inavyoua bila kelele. Na kama nyumbani humo dhahabu iliwahi kuoshwa kwa zebaki, mwambie mapema: zebaki ni nzito, hutuama kwenye kona ya bomba la sinki, na haishikwi kwa mkono mtupu.

Siku ya kufukia uwepo. Bomba lizungushiwe mchanga pande zote, na ule udongo mweusi urudishwe juu kabisa. Vibarua wakiharakisha, huwa wanaanza nao.