Mwarobaini Mbele ya Bodi ya Rufani: Uhakiki wa Ushindi Unaosifiwa Vibaya

Wahakiki wengi wa sera huitaja rufani ya mwarobaini kama ushindi wa maarifa ya jadi. Usomaji huo ni wa kujipa moyo, na makala hii inaupinga.

Hataza yenyewe ilitolewa na Ofisi ya Hataza ya Ulaya mwaka 1994 kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace, kwa mbinu ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Vandana Shiva, Magda Aelvoet na shirikisho la kimataifa la kilimo-hai waliwasilisha pingamizi mwaka 1995. Hataza ikafutwa Mei 2000. Rufani ya wenye hataza ikatupwa Machi 2005.

Umri wa mti haukutosha kuangusha hataza hiyo. Ushahidi uliokuwa na uzito ulitoka kwa Abhay Phadke, meneja wa kiwanda nchini India, aliyeeleza kuwa mbinu inayokaribiana sana na hiyo ilitumika kiwandani miaka kadhaa kabla ya ombi la hataza. Yaani shahidi mwenye mahali, mbinu na tarehe. Mkataba wa Hataza wa Ulaya hukubali hata maelezo ya mdomo na matumizi, popote duniani, mradi yalikuwa wazi kwa umma. Lakini mzigo wa kuthibitisha humwangukia mpingaji. Marekani, kabla ya sheria mpya kuanza kutumika Machi 2013, ilikuwa kali zaidi: matumizi ya ng’ambo yasiyochapishwa hayakuhesabiwa kabisa. Ndiyo maana hataza ya manjano ya kuponya vidonda, ya mwaka 1995, ilifutwa mwaka 1997 kwa nguvu ya maandishi, mojawapo likiwa makala ya mwaka 1953.

Tuyapime haya kwa mganga wa Magarama, mjini Gitega, au wa Muyinga. Umubirizi unaochumwa uani ni maarifa ya wazi, ila nani ataitaja tarehe? Dawa ya ukoo inayorithishwa kwa siri ina hali mbaya zaidi: kwa kuwa umma haukuifahamu, haiwezi kuondoa upya wa uvumbuzi wa mgeni, hata ikiwa na umri wa vizazi vitano. Wala Sheria Na. 1/13 ya 28 Julai 2009 ya Burundi haiamui hataza zinazotolewa Munich.

Jibu la haraka huwa ni rejista. Lakini rejista iliyo wazi huzuia hataza na papo hapo humpa kila msomaji dawa bure. India, iliyoanza hazina yake ya kidijitali mwaka 2001, iliwafungulia wakaguzi wa ofisi za hataza kwa makubaliano ya usiri. Mkataba wa Geneva wa Mei 2024 unamtaka mwombaji ataje asili ya rasilimali. Haumwondolei mpingaji mzigo wa ushahidi. Kwa hiyo uamuzi wa kuandika au kutoandika, na kwa masharti gani, lazima uwe wa ukoo wenyewe, baada ya kuelezwa kwa Kirundi kinachopotea kwa kila njia.