Jairo Nzima, Mkia Uliochoka

Helikopta yangu ya rimoti ilipaa kwenye kiwanja cha Kyebando, Kampala, ikatulia kimo cha kiuno, pua imenyooka. Nilipoisukuma ipande kwa nguvu, mkia ulichomoka karibu robo mzunguko, ukasita, kisha ukarudi polepole. Mpwa wangu alishaamua: "Anko, jairo imekufa. Tununue nyingine."

Jairo, kifaa kinachohisi mkia ukizunguka na kuamuru uzuiwe, haikuwa imekufa. Naandika haya kwa sababu nimeona watu wakibadilisha jairo moja baada ya nyingine, huku kosa limekaa sentimita chache pembeni yake.

Mapanga makubwa yakizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, na rota ndogo ya mkia ndiyo inayouzuia. Kila ukiongeza nguvu, msokoto huo hubadilika. Mjerumani Dieter Schlüter na wenzake walioanza kurusha helikopta za rimoti miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 waliusawazisha kwa vidole vyao. Baadaye zikaja jairo zenye gurudumu linalozungushwa na mota, kisha za fuwele, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Futaba GY401 ikaleta kihisi cha silikoni ndani ya kisanduku cha gramu 27. Hiyo ndiyo niliyonayo, ya mtumba.

Ina namna mbili za kufanya kazi. Katika namna ya kawaida hupinga mzunguko tu: upepo ukishausogeza mkia, huuacha palepale ulipofika. Katika namna ya kushika mwelekeo hujumlisha kila kosa na haikomi kuamuru mpaka pua irudi ilikokuwa. Lakini kote kuwili, inachotoa ni amri. Anayesogeza ni sevo, mota ndogo inayobadilisha pembe ya mapanga ya mkia kwa ufito, na anayesukuma hewa ni mapanga hayo.

Kwa hiyo tulianzia mezani. Nilichomoa nyaya za mota kuu, nikawasha umeme, nikageuza pua kushoto kwa mkono. Sevo ilisukuma kama mtu anayepiga usukani kulia, ndivyo inavyotakiwa. Ingesukuma kinyume, helikopta ingezunguka kama pia mara tu ikiacha ardhi. Nikaendelea kugeuza. Sevo ikafika mwisho ikasimama, ilhali bushi inayoteleza kwenye shafti ya mkia ilikuwa bado na milimita mbili za kwenda. Kumbe aliyekuwa na helikopta hii kabla yangu alifunga ufito kwenye tundu la nje kabisa la mkono wa sevo, akaona unagonga, akapunguza kikomo cha mwendo kwenye jairo. Tulihamishia ufito tundu la ndani zaidi, tukarudisha kikomo karibu na 100. Mkia ukapata safari yake yote.

Sevo yenyewe ilikuwa ya analogi, inayopokea amri kama mara 50 kwa sekunde. Jairo hii ina swichi ya sevo za dijitali, na ikiwashwa hutuma amri zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Tafadhali usiiwashe ukiwa na sevo ya analogi, itaungua. Tulifunga sevo ya dijitali yenye kasi ya sekunde 0.06 kwa nyuzi 60, kisha tukaiwasha. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunua sevo kwanza. Na uangalie mapigo: GY401 hutumia ya kawaida, maikrosekunde 1520, wakati sevo kadhaa za mkia hutaka 760 na hazitaelewana nayo.

Lilibaki suala la hewa. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko ya Mombasa. Mapanga ya mkia, kwa kasi na pembe ileile, hupoteza msukumo kwa kiasi hichohicho. Mota ya umeme haivuti pumzi, hivyo msokoto inaoweza kutoa haupungui. Mkia unadhoofika, mpinzani wake yuko vilevile. Maelekezo ya kiwandani hayakuandikiwa mlima wetu. Tulitoa mapanga ya milimita 95 tukafunga ya 105, baada ya kupima kwa rula kwamba hayatagusa ardhi wala mapanga makubwa.

Tulirudi kiwanjani alfajiri kabla ya watoto wa mpira. Kwanza niliirusha katika namna ya kawaida, nikarekebisha urefu wa ufito mpaka pua ikatulia bila kuguswa, ndipo nikahamia kushika mwelekeo. Unyeti wa jairo ulikuwa 50; mkia ukawa unatikisika haraka haraka kama wa mbuzi. Nikashusha hadi 44, nikaisukuma juu kwa nguvu zote. Pua ilibaki imeelekea Kisaasi.