Mechi 22 Bila Kufungwa: Kanuni, Kikosi na Kipa katika Msimu wa Montreal Canadiens wa 1928–29

Msimu wa 1928–29 wa klabu ya Montreal Canadiens uliacha katika kumbukumbu za Ligi ya Taifa ya Hoki ya Amerika Kaskazini, inayojulikana zaidi kwa herufi NHL, rekodi ambayo hakuna kipa aliyeifikia tangu wakati huo. Katika mechi 44 za ligi, kipa George Hainsworth alimaliza mechi 22 bila kufungwa, na katika msimu mzima aliruhusu mabao 43 tu. Kwa kuwa ligi hiyo baadaye ilifikia mechi 82 kwa msimu, na kwa kuwa hata Tony Esposito wa Chicago, aliyesifiwa sana kwa msimu wake wa 1969–70, aliishia kwenye mechi 15 za aina hiyo, rekodi ya Hainsworth husimuliwa mara nyingi kama muujiza wa mtu mmoja. Ukweli ni kwamba ilijengwa na mambo matatu, yaani kanuni, kikosi na kipa, na sifa anayostahili Hainsworth huonekana vizuri zaidi pale kila moja ya hayo linapopewa fungu lake.

Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kwa kila timu, kipa akiwa mmoja wao, ambao huteleza kwa viatu vyenye vyuma vyembamba chini ya soli na hutumia magongo kusukuma kisahani cha mpira mgumu kuelekea lango lenye upana wa futi 6 na kimo cha futi 4. Uwanja wa kawaida una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, yaani takriban mita 61 kwa 26, na mistari miwili ya buluu inayoukata kwa upana huugawa katika maeneo matatu: eneo la ulinzi lililo mbele ya lango la timu yenyewe, eneo la kati, na eneo la ushambuliaji lililo mbele ya lango la wapinzani. Mgawanyo huo ndio ufunguo wa kuelewa yaliyotokea mwaka 1928, kwa sababu kanuni ya pasi ilibadilika kulingana na eneo alilosimama mchezaji.

Katika asili yake, mchezo huu ulikataza pasi ya mbele, yaani mchezaji kumpelekea kisahani mwenzake aliyemtangulia, hivyo timu ilisonga mbele kwa kukimbia na kisahani au kwa kukitoa pembeni na nyuma. NHL ililegeza katazo hilo kidogo kidogo: mwaka 1918 iliruhusu pasi ya mbele katika eneo la kati, mwaka 1927 ikairuhusu pia katika eneo la ulinzi, na kwa msimu wa 1928–29 ikaruhusu kisahani kipelekwe ndani ya eneo la ushambuliaji iwapo mpokeaji alikuwa bado katika eneo la kati pasi ilipopigwa. Kilichobaki marufuku kilikuwa kizito kuliko vyote vilivyoruhusiwa, kwani ndani ya eneo la ushambuliaji lenyewe hapakuwa na pasi ya mbele hata moja. Mshambuliaji aliyevuka mstari wa buluu alilazimika kuwakabili mabeki yeye mwenyewe, na mabeki hao, wakijua kwamba kisahani hakingeweza kutangulia mbele ya aliyekishika, waliweza kumkazia macho yeye bila kuhofia mtu aliyejificha nyuma yao.

Jambo la pili katika kanuni za wakati huo liliwanufaisha walinzi zaidi. Timu iliyobanwa iliruhusiwa kukipiga kisahani kutoka eneo lake hadi mwisho wa pili wa uwanja bila adhabu yoyote, kwa sababu kanuni ya kuzuia tabia hiyo ilikuja mwaka 1937 tu. Timu iliyotangulia kwa bao moja iliweza basi kuumaliza muda kwa kuwarudisha wapinzani mbali kila walipokaribia. Ligi ilikwisha kuona kwamba mabao yalikuwa yanaadimika, na mwaka 1927 ilipunguza upana wa pedi za miguu za makipa kutoka inchi 12 hadi inchi 10, lakini hatua hiyo iligusa vifaa vya kipa huku chanzo cha ukame kikiwa katika mpangilio wa pasi.

Matokeo yalionekana katika ligi nzima. Mechi 220 za msimu huo zilizaa mabao 642, yaani chini ya mabao matatu kwa mechi kwa timu zote mbili pamoja. Chicago Black Hawks walifunga mabao 33 msimu mzima na wakapitia mechi nane mfululizo bila bao hata moja, ilhali Ace Bailey wa Toronto aliongoza orodha ya wafungaji kwa mabao 22 pekee. Makipa wanane walifikisha angalau mechi 10 bila kufungwa, na idadi hiyo inatosha kuonyesha kwamba mlango alioupitia Hainsworth ulikuwa wazi kwa wengi, ingawa hakuna mwingine aliyevuka 13.

Canadiens, chini ya kocha Cecil Hart, walikuwa na kikosi kilichoweza kutumia hali hiyo kikamilifu. Mabeki Sylvio Mantha, Albert Leduc na Marty Burke walikuwa wakabaji hodari, na mbele yao walikuwapo Howie Morenz, aliyesifika kwa kasi kuliko karibu wote wa zama zake, na Aurel Joliat, winga mdogo wa umbo aliyejua pia kurudi kukaba. Timu hiyo ilifunga mabao 71, takriban 1.6 kwa mechi, na Morenz peke yake alifunga 17 kati ya hayo. Katika mazingira ambamo bao moja lilikuwa karibu sawa na ushindi, timu yenye mkimbiaji wa kulipata na mabeki wa kulilinda haikuhitaji kujihatarisha kutafuta la pili, na rekodi yake ya ushindi 22, sare 15 na kushindwa mara saba ni sura halisi ya mchezo wa namna hiyo.

Hainsworth mwenyewe alifika Montreal mwaka 1926 akitoka Saskatoon, kushika nafasi ya Georges Vézina, kipa aliyefariki mwaka huo kwa kifua kikuu na ambaye jina lake lilipewa tuzo ya makipa. Tuzo hiyo Hainsworth aliitwaa katika misimu yake mitatu ya kwanza. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kimo cha takriban futi 5 na inchi 6, na alijulikana kwa utulivu: alisimama wima, akajipanga mapema, na akazuia mashuti bila kujirusha. Staili hiyo ilioana na kanuni, kwa maana kipa asiyelazimika kuhama ghafla kufuata pasi iliyokatiza mbele ya lango alinufaika zaidi kwa kupunguza pembe ya mpigaji mmoja aliyemwona waziwazi. Hata hivyo kanuni zilimkinga dhidi ya pasi, hazikumkinga dhidi ya mashuti, na kila shuti lililopita mabeki lilibaki kuwa kazi yake.

Hesabu husaidia kutenganisha mafungu hayo. Wastani wake rasmi wa kufungwa ni 0.92, ilhali mabao 43 yakigawanywa kwa mechi 44 huleta 0.98. Tofauti inatokana na wastani huo kukokotolewa kwa kila dakika 60 alizocheza, naye alicheza dakika 2,800, ambazo ni dakika 2,640 za kawaida na 160 za nyongeza, kwa kuwa mechi iliyokuwa sare iliongezwa dakika 10. Kipimo chenye maana zaidi ni kumlinganisha na wenzake waliocheza chini ya kanuni zilezile. Timu ya kawaida katika ligi iliruhusu mabao 1.46 kwa mechi, kwa hiyo Canadiens waliruhusu theluthi mbili tu ya kiwango hicho. Hilo haliwezi kuelezwa kwa kanuni peke yake, kwa sababu kanuni zilikuwa za wote.

Mbinu ya kutegemea na kulinda bao moja ilikuwa na gharama, nayo ililipwa katika nusu fainali, ambapo Canadiens, vinara wa kundi la Kanada, walikutana na Boston Bruins, vinara wa kundi la Marekani. Boston walikuwa na kipa chipukizi, Tiny Thompson, na walishinda mechi tatu mfululizo kwa 1–0, 1–0 na 3–2, kisha wakawafunga New York Rangers na kutwaa Kombe la Stanley. Timu iliyozoea kuishi kwa bao moja ilikutana na nyingine iliyoweza kufanya vilevile, na bao hilo moja lilipokwenda upande wa pili haikuwa na njia ya kulirudisha.

Kwa msimu wa 1929–30 ligi iliruhusu pasi ya mbele ndani ya maeneo yote matatu, mradi isivuke mstari wa buluu. Washambuliaji wakaanza kutangulia na kusubiri mbele ya lango, na mabao yakafurika kiasi kwamba mwezi Desemba 1929 ilibidi ipitishwe kanuni kwamba mshambuliaji asiingie eneo la ushambuliaji kabla ya kisahani, ambayo ndiyo msingi wa sheria ya kuotea katika hoki ya leo. Hata baada ya marekebisho hayo, mechi 220 zilizaa mabao 1,301, zaidi ya maradufu. Morenz alipanda kutoka mabao 17 hadi 40, naye Hainsworth alishuka kutoka mechi 22 bila kufungwa hadi nne. Canadiens waliruhusu mabao 114, yaani 2.59 kwa mechi dhidi ya wastani wa ligi wa 2.96, kwa hiyo hata ubora wao ukilinganishwa na wenzao ulipungua, na ni haki kusema kwamba kanuni za zamani ziliwafaa wao kuliko timu nyingi.

Lakini hoja haiishii hapo. Katika mtoano wa mwaka 1930, chini ya kanuni hizo mpya, Hainsworth alikaa dakika 270 na sekunde 8 bila kufungwa, na Canadiens wakatwaa Kombe la Stanley kwa kuwashinda Boston waliokuwa wamepoteza mechi tano tu kati ya 44 za ligi. Kanuni ndiyo iliyoifikisha hesabu ya 1929 kwenye 22, na kwa sababu kanuni hiyo haitarudi, si haki kumpima kipa wa leo kwa namba hiyo. Uwezo wa kusimama imara pale bao moja lilipoamua kila kitu ulikuwa wa kikosi na wa kipa wake, na ndio uliobaki mikononi mwao baada ya kanuni kuondoka.