Adhabu na Chanzo cha Uovu katika Utengano

Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu hatima ya Maksuudi katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), aghalabu huandika kwamba amevuna alichopanda, akatia nukta. Jibu hilo halina kosa, ila linamwacha mwanafunzi nje ya mlango. Swali zito ni hili: je, adhabu humrekebisha nani katika riwaya hii?

Tuanze na Maimuna. Maksuudi hana njia nyingine ya kulea ila kufungia. Bi Tamima na bintiye wanawekwa ndani, dunia wakaisikia kwa mbali tu. La kutanabahisha ni kwamba Maimuna anaadhibiwa kabla hajakosa. Mtoto anayechapwa kwa kuiba sukari anajua angalau kilichomponza. Aliyefungiwa kwa sababu amezaliwa msichana ajifunze nini? Hajifunzi kupambanua jema na ovu, kwa kuwa hajapewa nafasi ya kuchagua. Siku mlango unapofunguka, na anayeufungua ni Biti Kocho mwenye yake moyoni, Maimuna anatoka mbio hadi danguroni kwa Mama Jeni. Kuta zilizokusudiwa kumkinga ndizo zilizomnyima uzoefu wa kujikinga.

Walimu wengi hupenda kutumia saikolojia hapa, nami naafiki, kwa tahadhari. Mwaka wa 1944 daktari Mwingereza, John Bowlby, alichapisha uchunguzi wake wa watoto 44 wezi waliofikishwa kliniki jijini London. Aliwaona 14 kuwa hawana mapenzi kwa mtu yeyote, na 12 kati ya hao walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Neno utengano linamshawishi mwanafunzi kubandika matokeo hayo riwayani moja kwa moja. Asifanye hivyo. Kwanza, Bowlby amekosolewa: kundi lilikuwa dogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyewachunguza na kuwapanga. Pili, Maimuna hajatenganishwa na mamake; wamefungiwa pamoja. Alichokosa ni mapenzi ya baba na dunia ya wenzake. Nadharia itumike pale matini inapoikubali, si kama nguo ya kuazima.

Kwa Mussa mambo ni mepesi zaidi. Yeye hakufungiwa, yuko huru kwa kuwa ni mwanamume. Jaribio la Albert Bandura la mwaka wa 1961 lilionyesha watoto wakimpiga mwanasesere baada ya kumtazama mtu mzima akifanya hivyo. Mtoto huiga atendalo mzazi kuliko asemalo, na baba na mwana kukutana kwa Kazija ni kinaya kisichohitaji maelezo marefu.

Turudi kwa Maksuudi. Cesare Beccaria, Mwitaliano, aliandika mwaka wa 1764 kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Maksuudi anamdhulumu Bi Mwanasururu, anampiga Bi Tamima na kumtaliki, na kwa muda mrefu hakuna wa kumuuliza. Cheo ni ngao. Adhabu inapofika imechelewa, na waathiriwa hawanufaiki nayo. Anatoka gerezani hana kitu. Hapo wengi huandika kwamba jela imemfunza. Mimi nina shaka. Jela imemwondolea mali na cheo, na mtu asiye na uwezo wa kudhulumu hatujui kama ameacha dhuluma. Mtahiniwa anayepinga maoni haya kwa ushahidi wa matini apewe alama zote.

Baadhi ya walimu hulalamika kwamba kueleza chanzo cha uovu ni kuutetea. Sivyo. Tukisema Maimuna alisukumwa na malezi, hatujasema hakuteleza kwa miguu yake mwenyewe. Ila ukali bila ushauri ni jambo tunalolijua pia madarasani. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikaharamisha adhabu ya kimwili, ilhali bado wapo wanaoificha bakora nyuma ya kabati. Mwalimu wa namna hiyo atamsomesha Maksuudi vipi bila wanafunzi kutazamana? Pengine mjadala wa darasa uanzie hapo, kabla ya kuorodhesha sifa za wahusika.