Upepo, mgawo na umri ndani ya Sid Meier's Pirates!

Ukiivunja Sid Meier's Pirates! kipande kimoja kimoja, hutaona cha ajabu. Pambano la panga lina mapigo machache tu. Vita vya baharini ni kuzungukana na kufyatua mizinga. Biashara ni kununua sukari inapokuwa rahisi na kuiuza inapokuwa ghali. Kila kipande, kikiuzwa peke yake, kingemchosha mchezaji kabla jioni haijaisha. Hata hivyo gemu hii, iliyotolewa na MicroProse mwaka 1987 kwa kompyuta ya Commodore 64 na kuundwa upya na Firaxis mwaka 2004, bado ina watu wake. Kinachovifunga vipande hivyo pamoja ni upepo, mgawo wa mabaharia na umri wa nahodha.

Tuanze na upepo. Ramani ni ya bahari ya Karibi, Veracruz upande wa magharibi na Barbados kule mashariki, na upepo unavuma kutoka mashariki karibu wakati wote. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kaskazi na kusi kupokezana, jahazi likapelekwa na msimu mmoja na kurudishwa na mwingine. Karibi haina hisani hiyo. Kuteremka magharibi ni wiki chache. Kurudi ni kupiga bisho hadi chakula kipungue ghalani. Kwa hiyo nahodha anayeifukuza merikebu moja ya mali hadi Campeche ameshatia saini deni la kurudi kabla hajafyatua mzinga. Chombo nacho kina neno lake. Slupu inaukabili upepo vizuri lakini inabeba watu wachache. Galeoni lina mizinga na nafasi, ila likielekezwa mashariki linajikokota, na msafara wote unalingana na chombo kizito kuliko vyote. Mchezaji mgeni huteka galeoni akashangilia. Aliyezoea huliuza bandari ya kwanza.

Tazama sasa jinsi pambano moja linavyorithisha lingine. Tuseme una slupu yenye watu 60, na mbele yako galeoni la Kihispania lenye watu mara mbili ya hao. Unakaa upande wa joshi, mzunguko wako ni mwepesi kuliko wake, unampiga kila anapogeuka. Katika toleo la 2004, ukiwa umeshainunulia merikebu yako risasi za minyororo, unamchana matanga. Zile za chembechembe zinaua mabaharia. Lakini kila pigo linaharibu mali unayoitaka, na galeoni likizama hupati kitu. Hivyo inakubidi uache kupiga mapema, ugande ubavu kwa ubavu na kumkabili nahodha wake kwa upanga, huku idadi ya watu waliobaki pande zote mbili ikiamua nani ana nafasi. Katika toleo la 1987, upanga mwembamba unafika mbali ila hauumizi sana; ule mfupi mzito ni kinyume chake. Uamuzi wako wa mizinga dakika mbili zilizopita ndio uliokupangia pambano hili.

Mgawo ndio sehemu niipendayo kuliko zote. Mabaharia hawalipwi mshahara. Wanahesabu dhahabu iliyo kasikani kwa vichwa vyao, na siku zikipita bila kugawana wanaanza kunung'unika, baadaye kutoroka. Ukusanye watu 300 ili uvamie Cartagena, na dhahabu iliyowafurahisha 60 inakuwa kiduchu papo hapo. Nguvu ya kuteka mji na sababu ya uasi ni kitu kimoja. Ukigawa, watu wanatawanyika, unabaki na chombo kimoja, na miezi inakatwa kwenye maisha yako. Ndipo unapoulizwa kama unataka safari ijayo iwe ngumu zaidi, kwa ahadi ya fungu kubwa la nahodha. Tamaa yako inapewa kalamu ijiandikie masharti.

Miezi hiyo inauma kwa sababu nahodha anazeeka. Majeraha yanajumlika, mkono wa upanga unazidi kuwa mzito, na ukichagua kipaji cha tiba mwanzoni unajinunulia miaka kidogo. Hakuna zimwi la mwisho la kuua. Unastaafu, na gemu inakutajia umekuwa nani: pengine ombaomba, pengine mshauri wa mfalme.

Kuna werevu mwingine katika toleo la 1987. Mwanzoni unaulizwa msafara wa hazina wa Wahispania, au ule wa fedha, utafika mji fulani lini. Jibu lilikuwa kwenye kijitabu cha ndani ya boksi, na hiyo ilikuwa kufuli dhidi ya nakala za wizi. Lakini jedwali hilohilo ni habari za kijasusi: ukilisoma vizuri, unaingia Panama wakati fedha imo mjini. Sijui kufuli nyingine iliyomlipa mnunuzi halali kiasi hicho.

Sid Meier, mbunifu wa gemu hii, mwenyewe alielewa alichofanya baada ya kukosea kwingine. Katika Covert Action ya mwaka 1990, kila mchezo mdogo ulikuwa mzito kiasi kwamba ukitoka humo umesahau njama uliyokuwa unaichunguza. Tangu hapo amekuwa akisema kwamba gemu moja nzuri inashinda mbili bora zilizobanwa pamoja.

Dosari zipo. Sukari inajaa ghala, lakini watumwa walioilima hawaonekani popote. Karibi iliyofagiliwa hivyo ni rahisi mno kuipenda. Na toleo la 2004, lililobadilisha vita vya nchi kavu kuwa vya kupokezana zamu, kwa maoni yangu kwa faida, liliongeza pia dansi na binti wa gavana. Unafuata ishara za mkono wake kwa vibonye, wimbo mzima, bandari baada ya bandari. Tuzo yake ni kubwa, kwa hiyo huwezi kuipuuza. Ila ukumbini hakuna upepo wa kupigana nao, hakuna baharia anayehesabu kasiki, na ulichofanya baharini kinakusaidia kidogo sana.