Sharti Halijatimia: Kiambishi -ja- na Istilahi za Kungojana kwa Nyuzi

Tafsiri sisisi huweza kuficha utendaji wa kitu kinachotajwa. Mfano mmoja ni *kufuli la sharti*, jina linalopatikana kwa kutafsiri neno kwa neno zana ya kuratibu nyuzi, yaani mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba ndani ya programu moja. Jina hilo linadokeza kwamba sharti ndilo linalofunga. Sivyo. Tangu makala ya C. A. R. Hoare ya mwaka 1974, kazi ni mbili: kufuli hulinda data, ilhali sharti ni mahali pa kungojea. Uzi unaongoja huachia kufuli, hulala, kisha hulitwaa tena kabla ya kuendelea.

Mwalimu aliyeko Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, angeweza kueleza hali hiyo kwa mfano wa kungoja maji yajae. Mfano huo una mvuto, lakini una dosari: maji hujaa bila kuamriwa na mtu, ilhali uzi hutegemea kitendo cha uzi mwingine. Mfano unaofaa zaidi ni majahazi mawili yanayongoja nafasi moja gatini. Chombo kilichopo kikiondoka, wanaongoja huarifiwa. Hata hivyo, nahodha anayekaribia huweza kukuta mwenzake ameshafunga kamba. Arifa, basi, si ruhusa, bali ni wito wa kuangalia tena. Lampson na Redell walilibainisha jambo hili mwaka 1980 walipoijadili lugha ya Mesa.

Hapa sarufi ya Kiswahili inasaidia. *Kama sharti halikutimia, ngoja* huuliza mara moja tu. *Maadamu sharti halijatimia, ngoja* hurudia swali kila uzi unapoamka. Kiambishi -ja- hubeba ukanushi pamoja na tarajio, nayo maana hiyo ndiyo inayohitajika. Lakini tarajio hilo lina hatari yake: asipokuwapo wa kuarifu, uzi hulala daima, huku lugha ikiendelea kuahidi utimizo. Mwalimu hana budi kuuonyesha mpaka huo.

Tunapendekeza kufuli libaki *kufuli*, na mahali pa kungojea paitwe *kingojeo*, kutokana na *ngojea*. Istilahi ipimwe kwa usahihi wa sentensi zinazotungwa nayo, si kwa ulinganifu wake na neno la Kiingereza.